Sehemu sita tu, polisi bila bastola: kutazama televisheni ya Uingereza mkiwa Marekani

*Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Ohio, na mke wangu ni Mmarekani. Tangu majira ya baridi tumenogewa na tamthilia za Uingereza, hasa za upelelezi, pamoja na vichekesho vyao vya zamani. Shida ni kwamba kila jioni tunaishia kubishana. Tukianza tu kumzoea mhusika, sehemu ya sita inaisha na msimu umekwisha. Mke wangu anaamini huku Marekani tunaletewa vitu vilivyokatwa. Wanazungumza chini chini hadi tunapandisha sauti, halafu muziki unatupasua masikio. Polisi wao hawana bastola, na wanamwambia mtuhumiwa kwamba kunyamaza kunaweza kumdhuru, jambo ambalo mke wangu anaona ni uonevu. Juzi tulikuwa na binti yetu wa miaka 12, ghafla yakaja matusi mazito na watu uchi, na hakuna aliyetuonya. Wahusika wenyewe wakavu, hawakumbatiani, wakipata msiba wanachemsha chai. Je, Waingereza ndivyo walivyo? Mwisho, nimeagiza boksi tatu za DVD kutoka London na mashine yetu inazikataa. Nifanye nini?*

Ndugu yangu, umeuliza mambo mengi kwa mkupuo, na wewe na shemeji mnayaona yote kuwa ni kitu kimoja: tabia ya Waingereza. Ndivyo wanavyoyaona watazamaji wengi wa Marekani. Lakini ukiyachambua, utakuta mengine yanatokana na pesa, yaani nani alilipia kipindi. Mengine yanatokana na saa kilipoonyeshwa mara ya kwanza. Mengine ni sheria za nchi. Mengine ni umeme na mitambo. Yanayobaki kuwa tabia za watu ni machache kuliko shemeji anavyodhani.

Nianze na sehemu sita, maana hapo ndipo penye mzizi wa mengi. Hamjakatiwa. Sita ndiyo hesabu ya kawaida kule, iwe tamthilia au kichekesho. Fawlty Towers, kichekesho ambacho Waingereza wengi watakitaja kabla ya vingine vyote, kina sehemu 12 tu tangu kianze hadi kilipoisha: sita za mwaka 1975 na sita za 1979.

Marekani, msimu wa kawaida wa stesheni kubwa ulijengwa kwa sehemu 22 hadi 24, kuanzia Septemba hadi Mei, kwa sababu kila sehemu inauza matangazo. Juu ya hapo kuna faida ya pili iliyo kubwa zaidi: kuviuzia vituo vya mikoani vipindi vya marudio vya kuonyeshwa kila siku. Kituo hakinunui marudio ya sehemu kumi. Kwa miaka mingi watengenezaji walilenga kufikisha takriban 100. Kazi ya kiasi hicho haiwezi kuandikwa na mtu mmoja, kwa hiyo huajiriwa chumba kizima cha waandishi wanaogawana sehemu.

Uingereza, BBC inaishi kwa ada ya leseni. Kila kaya inayotazama matangazo ya moja kwa moja ya chaneli yoyote, au inayotumia huduma ya BBC ya mtandaoni, inalipa. Mwaka 2025 ada ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka. Pesa hiyo imeshalipwa kabla kipindi hakijaandikwa, na BBC haihitaji kufikisha sehemu mia ndipo ipate faida. ITV, iliyoanza mwaka 1955, inaishi kwa matangazo, lakini ilikua ikishindana na BBC na ikafuata desturi ileile. Kwa hiyo mwandishi mmoja, au wawili, huandika msimu mzima peke yao. Mtu mmoja anaweza kuandika sehemu sita nzuri kwa mwaka. Ishirini na mbili hawezi. Ndiyo maana mnasubiri, na ndiyo maana ile mliyoimaliza ilionekana kutoka kichwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Shemeji asije akadhani kwamba kule hakuna tamthilia ndefu. Coronation Street imekuwa hewani tangu Desemba 1960 na ilivuka sehemu 10,000 mwaka 2020. Tofauti ni kwamba tamthilia zao zisizo na mwisho huonyeshwa jioni, wakati familia zinakula, na zinahusu watu wa mtaani: mwenye baa, fundi, mama wa dobi. Zile za Marekani zilizoea kuonyeshwa mchana na kujaa watu wa majumba makubwa.

Lakini shemeji ana haki kwenye jambo moja: kukatwa kupo, ila hakukatwi sehemu, hukatwa dakika. Tamthilia ya BBC ya saa moja haina tangazo ndani yake, kwa hiyo ina dakika 58 au 59 hivi. Ya ITV au Channel 4 ina takriban dakika 46 hadi 48, kwa sababu Ofcom, msimamizi wa utangazaji wa Uingereza, anaruhusu chaneli hizo wastani wa dakika 8 za matangazo kwa saa nyakati za jioni na zisizozidi 12 katika saa yoyote moja. Zinazobaki huliwa na matangazo ya vipindi vyao wenyewe. Ya stesheni za Marekani ina kama dakika 42 hadi 44. Sasa chukua kipindi cha BBC cha dakika 59, kiingize kwenye chaneli ya kibiashara ya Marekani ndani ya saa moja: dakika zaidi ya 10 lazima zitoke, la sivyo chaneli ikitengee muda mrefu zaidi. Hilo lilishawahi kufika mahakamani. Mwaka 1975 ABC, stesheni kubwa ya Marekani, ilionyesha vipindi vya kundi la Monty Python na katika dakika 90 ikaondoa 24. Wachekeshaji wakashtaki, na mwaka 1976 mahakama ya rufaa ya New York ikawaunga mkono.

Namna ya kukagua ni rahisi. Tazama urefu ulioandikwa kwenye huduma mnayotumia, kisha uulize chaneli ya asili ilikuwa ipi. Kazi ya BBC ya saa moja ikionyesha dakika 44, imekatwa. Kazi ya ITV ikionyesha 47, iko kamili. Na hesabu ya sehemu nayo huwachanganya watu bila kitu kukatwa: msimu wa kwanza wa Downton Abbey ulikuwa na sehemu saba ITV, ulipoanza Septemba 2010, PBS, televisheni ya umma ya Marekani, ilipouleta Januari 2011 iliuunganisha ukawa sehemu nne za dakika 90. Shindano la kuoka la Waingereza ni mkanganyiko mkubwa zaidi. Msimu ambao PBS iliuita wa kwanza ulikuwa wa tano kule kwao, na hata jina lilibadilishwa kwa sababu kampuni ya Pillsbury inamiliki neno la asili, Bake-Off, kama alama yake ya biashara Marekani. Mkitaka kufuata mpangilio, fuateni mwaka wa kuonyeshwa Uingereza, achaneni na namba.

Huu ukavu wa wahusika nao, kwa sehemu kubwa, ni mtoto wa hesabu hiyohiyo. Ukijua utakaa na mtu kwa sehemu 12, unaweza kumvumilia hata akiwa hafai kabisa: mbinafsi, muongo, anayejidhalilisha mbele ya watu. Ukijua utakaa naye kwa sehemu 200, lazima awe na kitu cha kupendwa. Mfano ulio wazi ni The Office. Ya Uingereza, 2001 hadi 2003, ina sehemu 12 na toleo la Krismasi la sehemu mbili. Ya Marekani ilianza 2005 ikaisha 2013 na sehemu 201. Sehemu yake ya kwanza ilifuata karibu maandishi yaleyale ya Kiingereza, na yule bosi alionekana mkali kupita kiasi. Kuanzia msimu wa pili walimlainisha: wakamwonyesha akifanya kazi yake vizuri, wakampa upweke unaoeleweka. Mzitazame zote mbili, sehemu ya kwanza kwa ya kwanza, jioni moja. Hakuna maelezo yangu yatakayomwonyesha shemeji jambo hili vizuri kuliko hilo.

Baada ya kutoa hayo, ndiyo, kuna kitu cha tabia kinachobaki. Waingereza wengi huonyesha hisia nzito kwa maneno madogo. Mtu aliyefiwa huulizwa kama yuko sawa, akajibu kwamba hajambo, na anayemsikiliza anaelewa kwamba hali ni mbaya sana. Mmarekani amezoea jambo litajwe kwa jina lake, kwa hiyo husikia jibu la uso tu. Hapa wewe una faida. Aliyekulia Tanga anajua dada anavyoweza kumjibu jirani kwa kanga aliyovaa, hajafungua mdomo, na ujumbe ukafika. Msikilize Mwingereza wa kwenye tamthilia kwa sikio hilohilo: alichokiruka ndicho kikubwa. Lafudhi nayo hubeba habari ambayo shemeji hawezi kuisikia bado. Mwingereza akimsikia mhusika kwa sentensi mbili ameshajua ni wa kaskazini au kusini, na mara nyingi amekisia shule aliyosoma na kazi ya wazazi wake. Mpelelezi mwenye lafudhi ya Newcastle akimhoji tajiri mwenye lafudhi ya shule ya bweni ya gharama, ugomvi umeshaanza kabla ya swali la kwanza. Mwambie shemeji aangalie nani anambadilishia nani usemi; atayaona.

Chai ni suala la umeme kuliko watu wanavyofikiri. Umeme wa Uingereza ni volti 230, kama wa Tanga, na birika lao la kawaida lina wati 3,000. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 inachemka kwa takriban dakika 2. Soketi ya kawaida ya jikoni Marekani ni volti 120, birika huishia kama wati 1,500, na maji hayohayo yanachukua karibu dakika 4. Dakika mbili ni muda wa mazungumzo mafupi: mhusika anageuza mgongo, anajaza maji, anashindwa kusema, birika linazima, anasema. Mwandishi wa Uingereza ana saa hiyo jikoni mwa kila nyumba na anaitumia. Kitendo chenyewe ni cha kweli kabisa katika maisha yao. Tarehe 4 Julai 1990, England ilipotolewa na Ujerumani Magharibi kwa penalti katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, mahitaji ya umeme yalipanda kwa megawati 2,800 mara mechi ilipokwisha, watu walipoinuka kuwasha mabirika na taa. Ila msiagize birika la Uingereza kwa mapenzi ya tamthilia: kwenye volti 120 litatoa kama wati 800 tu, na kulazimisha waya wa volti 240 jikoni bila fundi umeme mwenye leseni ni kutafuta moto.

Mengine ya nyumbani kwao utayafafanua wewe mwenyewe, kwa kuwa tuliyarithi: ghorofa ya kwanza ni ile ya juu ya ngazi, magari yanapita kushoto, watoto wa shule wana sare. Ambayo huenda huyajui ni kwamba daktari bingwa wa upasuaji huitwa Bwana au Bi bila kutajwa udaktari, desturi iliyobaki tangu enzi ambazo wapasuaji walijifunza kwa kufuata fundi badala ya kwenda chuo kikuu. Kwa hiyo yule Bwana anayewaamuru madaktari wodini si meneja. Na hakuna anayeulizwa bima kwa sababu tangu 1948 matibabu mengi ya NHS, huduma ya afya ya serikali ya huko, hayalipiwi unapoyapokea.

Sasa polisi. Katika England, Wales na Scotland polisi wengi hawabebi bunduki. Kuna vikosi maalumu vinavyoitwa inapohitajika. Northern Ireland ni tofauti, huko polisi hubeba bastola kazini, kwa hiyo mkitazama tamthilia ya Belfast msishangae. Mpelelezi asiye na bastola hawezi kumaliza hadithi kwa kufyatua, na ndiyo maana kilele cha hadithi nyingi kiko kwenye chumba cha mahojiano, meza, kinasa sauti na wakili pembeni. Saa nayo inakimbia kisheria. Chini ya sheria ya mwaka 1984 ya England na Wales, mtuhumiwa huweza kuzuiwa hadi saa 24 bila kushtakiwa. Ofisa wa cheo cha juu anaweza kuongeza hadi 36 kwa makosa mazito, na mahakama hadi 96. Mkisikia mkubwa anasema wamebakiwa na saa sita, hajatungiwa na mwandishi.

Lile onyo linalomkera shemeji linasema hivi kwa Kiswahili: huna lazima ya kusema lolote, lakini inaweza kuudhuru utetezi wako ikiwa, unapohojiwa, hutataja jambo ambalo baadaye utalitegemea mahakamani, lolote utakalosema linaweza kutolewa kama ushahidi. Limetokana na sheria ya 1994. Maana yake ni kwamba mtu akinyamaza kituoni, kisha akaja mahakamani na maelezo mapya kwamba usiku ule alikuwa kwa shangazi, juri inaruhusiwa kujiuliza kwa nini hakuyasema mapema. Haki ya kunyamaza ipo, na mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kunyamaza peke yake. Wakili wa bure kituoni yupo. Marekani, tangu uamuzi wa kesi ya Miranda mwaka 1966, onyo ni jingine, na ukimya wa aliyesomewa haki zake haupaswi kutumiwa dhidi yake. Scotland ina utaratibu wake.

Hili nalisema kwa uzito kwa sababu mnaishi Ohio: msijifunze haki zenu kwenye tamthilia ya nchi nyingine. Mkihojiwa na polisi huko, kukaa kimya tu hakutoshi. Sema wazi kwamba unatumia haki yako ya kunyamaza na unataka wakili, halafu usiendelee kuzungumza. Na kama wewe bado hujapata uraia, zungumza na wakili wa uhamiaji ana kwa ana kabla ya kukiri kosa lolote, hata dogo.

Kuhusu mwanetu. Si kweli kwamba Waingereza hawajali watoto. Wana mpaka mkali, ila ni wa saa. Kabla ya saa 3 usiku chaneli hazionyeshi yasiyowafaa watoto. Kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 na nusu alfajiri yanaruhusiwa, ingawa Ofcom hutaka mabadiliko yasije kwa kishindo. Kabla ya kipindi chenye lugha kali, mtangazaji husema kwa sauti. Marekani, stesheni za kurusha hewani zinazuiwa kuonyesha uchafu kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku, na kwa kuogopa faini huwa na tahadhari hata baada ya hapo. Ndiyo maana vituo vya PBS hufunika neno au kufifisha picha. Huduma za kulipia za mtandaoni hazibanwi na kanuni hiyo. Kilichowapata ni kwamba kipindi kilichoandikwa kwa ajili ya saa 3 usiku London kilikaa kwenye orodha yenu jirani na kile cha saa 2, picha zao za kuvutia zikifanana, na sauti ya yule mtangazaji ikawa haipo. Onyo lenu lilikuwa herufi chache pembeni ya skrini kwa sekunde kadhaa.

Fanyeni hivi. Kabla ya kumwita binti, tafuteni kipindi kilionyeshwa chaneli gani na saa ngapi Uingereza. Kilichoonyeshwa saa 2 usiku au mapema, mara nyingi kinamfaa mtoto wa miaka 12 kwa lugha na mavazi, ingawa mauaji yanaweza kuwemo. Cha saa 3 na kuendelea, tazameni sehemu ya kwanza wenyewe. Alama ya TV-MA ni ya watu wazima. TV-14 ni ya kuanzia miaka 14, lakini huwekwa kwa vigezo vya Marekani, na kipimo cha matusi na uchi cha nchi hizo mbili hakilingani. Mfungulieni wasifu wake kwenye huduma hiyo, wenye kikomo cha TV-PG, yaani vya mtoto kutazama kwa uangalizi wa mzazi, na wa kwenu uwe na namba ya siri. Kuhusu aliyoyaona juzi, mazungumzo mafupi ya ukweli yanatosha kwa watoto wengi. Akianza kukosa usingizi au kuogopa kwa wiki kadhaa, mpelekeni kwa daktari wake wa watoto au mshauri wa shule.

Sauti ndiyo rahisi kurekebisha. Tamthilia za sasa huchanganywa kwa njia sita, ndiyo ile 5.1 ya kwenye menyu: mbili mbele, mbili nyuma, moja ya besi na moja ya katikati. Maneno karibu yote hupita ile ya katikati. TV yenu ina spika mbili ndogo zinazoelekea chini au ukutani. Inapobana njia sita ziwe mbili, maneno hugombania nafasi na muziki, na muziki hushinda. Kwa hiyo, kwanza, ndani ya huduma mnayotumia fungua menyu ya sauti na lugha, chagua sauti ya stereo badala ya 5.1 kama ipo. Pili, kwenye mipangilio ya TV weka sauti ya dijitali itoke kama PCM, zima hali ya sinema, washa ile ya kukuza sauti za watu. Tatu, washa hali ya usiku; hiyo hushusha makelele na kuinua minong'ono, na ndiyo dawa ya kupasuliwa masikio. Mkinunua spika ndefu ya kuweka chini ya TV, chagueni yenye spika ya katikati, muipandishe desibeli 3 kuliko nyingine. Mkizidisha sana, sauti za watu huanza kuparua.

Lafudhi ni tatizo jingine, na ndilo hasa linalomsumbua shemeji. Kwa sehemu mbili za kwanza za tamthilia ya Glasgow au Liverpool, wekeni maandishi ya chini, yale ya wasiosikia vizuri, kwa sababu huonyesha na jina la anayezungumza. Kisha yazimeni, sikio huzoea haraka. Lakini kama mmoja wenu anapata tabu pia kwenye taarifa ya habari, simuni au kwenye kundi la watu, amwone mtaalamu wa usikivu apimwe. Sikio moja likipoteza usikivu ghafla, hiyo ni dharura: daktari siku hiyohiyo au kesho yake, msingoje.

Mkitazama vichekesho vya miaka ya sabini mtaona picha inabadilika mhusika akivuka mlango kwenda nje. TV yenu ni nzima. Ndani ya studio walirekodi kwa kamera za elektroniki kwenye mkanda wa video, picha nusu 50 kwa sekunde, nyororo na yenye mwanga tele. Nje walibeba kamera nyepesi ya filamu ya milimita 16, picha 25 kwa sekunde, yenye chembechembe. Zimeni tu kile kilainisha-mwendo cha TV, maana kinaiharibu ile ya filamu.

Diski zako zina vikwazo viwili, na watu wengi hushughulikia kimoja. Geuza boksi, tafuta alama ya tufe yenye namba; hiyo ni namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski ilikusudiwa. Uingereza ni 2, Marekani ni 1, na za Tanga ni 5. Mashine iliyonunuliwa Marekani husoma 1 na zile zisizo na kikomo, zilizoandikwa 0 au zote. Kikwazo cha pili ni mfumo wa picha: diski ya Uingereza ni PAL, mistari 576 na picha 25 kwa sekunde, TV za Marekani zilijengwa kwa NTSC, mistari 480 na picha 30 kasoro kidogo. Unahitaji mashine inayosoma kanda zote na pia inayobadili PAL kuwa NTSC. Hakikisha yote mawili yameandikwa kwenye maelezo yake. Blu-ray ina kanda zake, B kwa Uingereza na A kwa Marekani, na zile zilizorekodiwa kwa hezi 50 zinaweza kutoa skrini nyeusi hata kanda ikikubali. Kompyuta yenye kisoma diski ni njia ya kujaribu, lakini soma onyo linapotokea: kisoma diski huruhusu kubadili kanda mara tano tu, kisha hujifunga kwenye ya mwisho. Usiibadilishe kwa boksi moja.

Kama duka bado linapokea marejesho, ningezirudisha. Kabla ya kununua mashine, nenda na majina ya tamthilia hizo tatu kwenye maktaba ya umma ya mji wenu, uwaombe wakutafutie toleo la Marekani. Mengi yalitolewa kwa kanda 1, huazimwa bure kwa kadi ya maktaba, na wakiwa hawana huweza kuyaagiza kutoka maktaba nyingine.